Kompyuta ya kichogo kwenye meza ya hosteli

Waliosoma chuo miaka ya 2000 wakikutana, maongezi yakinoga lazima yafike kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba: Pentium 4, RAM ya MB 256, diski ya GB 40, Windows XP, na monita ya kichogo iliyokula nusu ya meza. Wengi husifia magemu. Mimi ningesifia bisibisi. Mashine ile ilikubali kufunguliwa, na ikiugua ilikuambia wapi panauma.

Ikiwaka bila picha huku inalia pii, pii, mtuhumiwa wa kwanza alikuwa RAM, kadi ya kumbukumbu. Chomoa umeme, toa kadi, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, kisha irudishe na uikandamize mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Saa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu kwenye madabodi, yaani bodi kuu. Kosa la gharama lilikuwa swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai: ikiwa imeachwa kwenye volti 115, za Marekani, nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, ulisikia mlipuko, kisha harufu.

Utamu wenyewe ulikuwa kebo ya krosi, waya wa mtandao unaounganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Kabla mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti na bei haikushikika, kwa hiyo mafaili yalipita dirishani, chumba hadi chumba. Upande mmoja wa kebo unapangwa kawaida. Upande wa pili nyaya za kijani na za chungwa zinabadilishana nafasi, pini 1 na 3, 2 na 6. Mashine moja unaipa anwani ya IP 192.168.0.1, nyingine 192.168.0.2, zote subnet mask ya 255.255.255.0. Hazionani? Mara nyingi ni ukuta wa moto (firewall), kinga ya mtandao iliyokuja na Service Pack 2, sasisho la XP. Zikishikana, filamu ya MB 700 ilihama kwa dakika moja na ushee. Leo watu wawili kitanda kimoja wanatumiana video kupitia seva iliyo ng'ambo, tena kwa bando!

Flashi sitaitetea. Ukiibofya mara mbili, XP ilitii autorun.inf, faili la kuamuru programu ijiendeshe, bila kuuliza, hivyo flashi moja kutoka steshenari iliambukiza korido nzima. Mwanafunzi alikuta mafolda yametoweka usiku wa kuamkia kukabidhi ripoti, akaformati akilia, kumbe yalifichwa tu. Kama flashi ni F, amri hii kwenye Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, ilitosha:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Kama mashine yako bado iko stoo, ifungue, pulizia vumbi, tazama kapasita za madabodi, vile vimkebe vidogo vya duara: zilizovimba kichwani zimekwisha. Ila kile kichogo usikifungue. Bomba lake la picha hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.