Nusu Iliyobaki Baada ya Kar

Mimi ndiye niliyemshawishi ami aachane na madaftari. Ana duka la jumla Wete, Pemba, na Wete watu hukopa mchele mwaka mzima wakalipa karafuu zikishauzwa, kwa hiyo madeni ndiyo duka lenyewe. Nikamwekea kompyuta, ndani MySQL, programu ya kutunza kumbukumbu, na meseji: ukikopa unaipata, ukilipa unaipata, usipolipa unakumbushwa kila Jumamosi saa 2 asubuhi. Ami akaanza kuniita injinia. Madaftari yakaenda kwa muuza bajia.

Usiku mmoja wa masika umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Diski ikalia tiki-tiki-tiki, halafu kimya. Sikutishika. Kila saa 6 usiku mfumo hujinakili kwenye flashi ya GB 32. "Ami, usiwe na hofu, bekapu ipo," nikasema, kwa sauti ile ya daktari.

Bekapu ilikuwepo. Na taarabu pia. Kumbe mtoto wa ami, dereva wa daladala ya Wete na Chake, huichukua flashi kila asubuhi na kuirudisha magharibi. Siku hiyo alikuwa kaijaza mpaka hapana pa kupenyeza sindano. Mfumo ukaandika hadi nafasi ikaisha, ukakata. Na kwa ujanja wa kubana nafasi, nakala ya leo hufuta ya jana kabla haijaandikwa. Huo ujanja ni wangu mwenyewe, siwezi kumsukumia dereva.

Nikalifungua faili. gzip, programu iliyolibana, ikalalamika kwamba limeishia njiani, lakini ina uungwana wake: kilichotangulia pale palipokatika hukutolea. Nakala iliyokamilika hufungwa na mstari wa kusema kazi imekwisha. Yangu ilimalizikia kwenye malipo ya mzee mmoja wa Mtambwe: "amelipa nusu, nusu iliyobaki baada ya kar". Basi. Hata karafuu haikuwahi kutajwa.

Nikaukata ule mstari mbovu, nikafunga kwa nukta mkato, nikaingiza kwenye kompyuta nyengine. Ikakubali! Ijumaa ile nikalala usingizi wa sultani.

Sasa, MySQL huyatoa majedwali kwa mpangilio wa alfabeti. Bidhaa, lote. Madeni, lote. Malipo likakatikia Machi 2021. Wateja halikutoka kabisa, ila namba za simu nilikuwa nimezirundika ndani ya madeni, kosa lililonikosesha alama chuoni, na sasa likaniokoa. Likaniokoa vibaya. Maana kufika saa 2 asubuhi mfumo ulimjua kila aliyewahi kukopa, na takriban haumjui yeyote aliyelipa.

Meseji 312 zikaondoka.

Saa 2 na robo sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, yuko mlangoni. Anadaiwa mapolo 4 ya mchele wa harusi ya binti yake, na binti sasa ana watoto wawili. Nyuma yake bibi mmoja wa Limbani, simu kaifunga kwenye pembe ya kanga: "Mjukuu wangu, mie nadaiwa polo la sukari? Mie ninayeumwa sukari?" Mama wa mchumba wangu hakuja. Alituma mtu.

Malipo yenyewe yalikuwa mifukoni mwao: zile meseji za risiti. Siku 11 nikakaa barazani nikinakili risiti moja moja kutoka simu za watu, kahawa na haluwa juu yangu. Aliyekwisha zifuta, ami humtazama usoni: "Huyu kalipa. Ilikuwa Jumatatu, mvua inanyesha." Hapo nikajiuliza kompyuta niliileta ya nini.

Siku ya 4 akaja bwana mmoja wa Konde, mbio mbio, akalipa deni la miaka 3 bila ya kubishana. Meseji za Jumamosi alishazizoea kama mbu. Ila aliposikia hata sheha kadaiwa, akaona mambo yamebadilika. Kufika jioni wakaja wenziwe watatu.

Usiku ami akazihesabu zile pesa mara mbili.

"Injinia," akaniita, mara ya kwanza tangu Jumamosi, "msimu ujao sheha hatuwezi kumdai tena?"