Watengeneza Redio, Njooni Tabata

Hivi hawa wanaotengeneza vyombo vya kupigia muziki wa intaneti nyumbani huwa wanamuuliza nani kwanza? Mimi hawajaniuliza, na mtaani kwetu Tabata sijamwona aliyeulizwa. Wanakaa huko kwao na kiyoyozi chao, wanatuletea kiduara cheupe kisicho na kitufe hata cha dawa, wanasema hicho ndicho kizazi kipya. Kizazi kipya gani hakijui hata kuwashwa?

Shemeji yangu anafanya kazi Muscat. Kaja likizo na kiduara kimoja, zawadi. Shemeji, Mungu akuzidishie. Nikachomeka ukutani, nikakaa kwenye kochi, nikanyoosha miguu, nikasubiri muziki. Kimya. Kumbe mpaka upakue programu kwenye simu. Umepakua, inataka barua pepe. Umetoa, inataka neno la siri lenye herufi kubwa, namba na alama ya mshangao. Umelitoa, inakujibu kwamba neno lako halina nguvu. Jamani, mimi nataka kumsikiliza Gurumo, yule mwimbaji wa dansi, sifungui hazina ya taifa! Halafu ikataka kujua niko nchi gani. Nikashuka na orodha mpaka herufi T. Nikaipita Tajikistan, nikatua Thailand. Hapo katikati tulipotakiwa kukaa sisi na mlima wetu wote, hakuna kitu. Shemeji akasema, "Weka Oman, shemeji, itakubali." Nikaweka, ikakubali. Kwa hiyo kodi nalipa Tabata, lakini kwa mujibu wa redio yangu naishi Muscat, na kila asubuhi inanitangazia joto la nyuzi 43.

Mimi nataka vitufe. Kimoja cha kuwasha, kimoja cha kuzungusha sauti, vinene, vya kushika gizani huku mkono wa pili umebeba mtoto. Mama mkwe wangu kule Masasi ana redio ya betri, anaipandisha na kuishusha bila hata kuitazama. Huyo ndiye aketi kwenye kamati ya ufundi.

Mtaniambia, si ungebaki na sabufa yako? Sabufa ninayo, na ndiyo iliyonifikisha hapa. Waliobuni Bluetooth waliipa umbali wa mita kama 10 kwa hivi vyombo vyetu vya kawaida. Kwao huko mita 10 ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni. Tabata mita 10 ni kaya tatu na genge la nyanya. Sasa siku hiyo tumepokea mshenga, kaja kumposa mdogo wangu. Mjomba kavaa koti, mikeka imetandikwa, mshenga kaanza vizuri kabisa, "Wazee wangu, sisi tumepita tukaona bustani yenu, tukaona na ua..." Mara yule dada anayeishi ndani ya sabufa akafoka kwa Kiingereza kwamba kifaa kimeunganishwa! Mjomba akaitikia, "Karibu!" Hajakaa sawa, ikafuata singeli, sauti imefunguliwa yote, vikombe vinatembea juu ya sinia. Mtoto wa jirani alikuwa nyuma ya ukuta, kaona jina la sabufa kwenye simu yake, kabonyeza. Mshenga akasimama, akaanza kutafuta kofia. Akadhani tumemzomea. Ilibidi mjomba amfuate mpaka barabarani, na katika kumbembeleza mahari ikashuka palepale.

Kwa hiyo andikeni, enyi mafundi wa dunia. Chombo kipya kipige hodi. Mtu akitaka kuunganisha simu yake, kiseme hodi kwa sauti ya chini, kisubiri mwenye nyumba ajibu karibu. Asipojibu, kirudie mara tatu, kisha kiondoke. Hilo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Na huyo dada aondolewe, au afundishwe kuamkia. Kuna wazee humu.

Simu yenyewe nayo nimeichoka. Ukipiga muziki kutoka kwenye simu, kila kinachoingia kwenye simu kinaingia na sebuleni. Ukipigiwa, muziki unakufa. Siku nyingine mama mkwe yuko hapa, tunasikiliza kaswida kwa utulivu, mimi nikagusa ujumbe wa WhatsApp wa sauti nikijua ni wa kazini. Kumbe ni yule bwana wa mikopo ya kausha damu, na spika mbili na sabufa zikamtangazia mama mkwe kiasi ninachodaiwa, riba yake, na maoni ya yule bwana kuhusu malezi yangu. Wajuzi wanasema chombo cha kustrimu cha kweli kinavuta muziki chenyewe kutoka kwenye waifai, simu inabaki rimoti tu. Kama ni hivyo, hicho kinifikie haraka, na mimi nibaki na madeni yangu mfukoni yanapostahili kukaa.

Ila kikivuta chenyewe, kinavuta bando la nani? Langu! Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula megabaiti 144 kwa saa. Mke wangu, mama Zuhura, Jumamosi anaanza kufua saa mbili asubuhi, anaanika la mwisho saa kumi, na hafui bila taarabu. Pigeni hesabu: gigabaiti moja na ushee imeishia kwenye beseni. Halafu shemeji ananiambia eti kuna ubora wa juu zaidi, biti 24 na kilohetzi 192. Nikamwambia anitajie kwa lugha ya bando. Kabla faili halijabanwa lipungue ukubwa, ni zaidi ya gigabaiti nne kwa saa! Kwa ajili ya nini? Sikio la binadamu mwenye afya linaishia kwenye hetzi 20,000, la mtu wa umri wangu linaishia chini ya hapo, na hapo nje kuna mashine ya kusaga na kijana anayechomelea mageti. Huo ubora utapitia wapi?

Kinachoniuma ni kwamba wimbo ni uleule. Jana kimeuvuta kutoka huko ng'ambo, leo kinauvuta tena, kesho tena, utadhani hatujawahi kuonana nao. Kwa nini kisiutunze? Kadi ya gigabaiti 64, ndogo kuliko ukucha, kwa ubora huohuo wa 320 inabeba zaidi ya saa 400 za muziki. Nataka kikae macho usiku, bando la usiku likifunguka kibebe nyimbo zote alizozipiga mama Zuhura wiki nzima, asubuhi azikute ndani, afue bure. Na tundu la flashi liwepo. Nasikia kwenye vingine wameliondoa ili kiwe chembamba. Nani aliwaambia tunataka redio nyembamba? Redio ikionekana kutoka mlangoni, mgeni anajua humu kuna watu.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika sina ugomvi, tumezoea, lakini kiwe na betri ndani ya kumalizia wimbo na mingine miwili mitatu huku mtu anatafuta namba za LUKU. Mimi ugomvi wangu ni unaporudi. Sabufa yangu haikumbuki waifai, haikumbuki saa, inakumbuka sauti tu. Umeme ukirudi saa tisa usiku inaanzia ilipoishia jana mchana kwenye kufua, namba 40, na taa za bluu na nyekundu zinazunguka dari nzima. Mpangaji wa chumba cha uani akatoka na panga. Chombo kipya kikiamka kiamke kwa adabu, kianze chini, kiangalie saa kwanza. Taa ziwe na pa kuzimia.

Sasa nisikilizeni kwenye muziki wenyewe, maana hapa ndipo wanaponitoa machozi. Hivi vyombo havijui watu. Chukueni Msondo. Bendi ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilikuwa NUTA. Chama kikageuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikaja kuwa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikabaki Msondo Ngoma. Mzee yeyote wa Ilala anakueleza hayo huku anapiga mswaki. Chombo kinaona bendi nne zisizojuana! Ukitaka Msondo kinakupa nyimbo za juzi, za zamani kimezificha kwenye NUTA, na ukiandika NUTA kinauliza kama ulimaanisha kitu kingine.

Gurumo ndiye kabisa. Muhiddin Maalim Gurumo kaimba NUTA hapohapo, 1978 kaenda kuianzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, na wenzake, 1985 kahamia Safari Sound kwenye mtindo wa Ndekule, kisha karudi nyumbani Msondo mpaka uzeeni, akafariki 2014. Mimi nataka niseme "Gurumo" nipewe Gurumo, njia nzima, kituo kwa kituo. Kile kiduara cha shemeji nilikiambia kwa sauti yangu hii hii, taratibu, "Weka Gurumo." Kikanijibu kwa Kiingereza kwamba Muscat leo kuna jua.

Na Mbaraka Mwinshehe je? Kwenye orodha yao nimemkuta Mbaraka Mwinshehe, nikamkuta Mbaraka Mwishehe, nikamkuta Mwaruka peke yake, kila mmoja na nyimbo zake, utafikiri ni ndugu waliogombea shamba. Wengine wamemwandika "Msanii Hajulikani". Hajulikani! Mtu wa Morogoro Jazz na Super Volcano, kafariki tangu 1979 na mpaka leo baa zinampiga, hajulikani na nani? Nendeni stendi ya Morogoro mkaseme hivyo kwa sauti, mimi nitasimama mbali.

Kuna jambo la sehemu ya kwanza na ya pili, na hili nataka mlisome mara mbili. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, santuri ndogo za mizunguko 45 zilikuwa fupi, kila upande dakika chache tu. Wakawa wanaukata wimbo katikati: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili magitaa, lile chemko lenyewe ambalo mtu ulivalia viatu. Sasa hao waliohamishia santuri kwenye intaneti wameacha vipande viwili mbalimbali, na chombo kimezoea kuchanganya. Basi jirani zangu wawili walikuja jioni, sehemu ya kwanza ikapigwa, maneno yakaisha, gitaa la solo likaanza kupanda, mzee mmoja kasimama, kanyanyua suruali kidogo, kaweka mguu wa kulia mbele. Likaingia tangazo la dawa ya meno. Baada ya tangazo, ikaja nyimbo ya Ghuba, maana sisi tuko Oman. Chemko lilikuja kupigwa wamekwishaenda kuswali isha. Ninachodai ni kwamba chombo kijue vipande hivi ni wimbo mmoja, kiviunganishe bila hata ufa wa sekunde, na mzee akishanyanyua suruali kisithubutu kutangaza chochote.

Hayo ya kupiga vyumba vyote kwa pamoja sina haja nayo, nina viwili. Nilijaribu sabufa sebuleni na kispika uani, kimoja kikachelewa kidogo tu nyuma ya kingine, mwimbaji akawa ana kigugumizi.

Kijana mmoja fundi pale Kariakoo kanisimulia kisa kilichonikosesha usingizi. Kulikuwa na chombo kikiitwa Squeezebox, watu wakakipenda sana. Logitech wakainunua kampuni yake, Slim Devices, mwaka 2006, na 2012 wakasimamisha uzalishaji. Mwaka 2024 wakazima na ile huduma ya mtandaoni. Lakini vile vidude bado vinapiga! Kwa sababu programu ya kuviendesha iliachwa wazi, mtu anaiweka kwenye kompyuta yake nyumbani, na wapenzi wake wanaendelea kuitengeneza wenyewe. Hiyo nimeielewa kuliko yote aliyosema. Kampuni ife, wafanyakazi waende kwao, mimi niendelee na Sikinde. Sitaki chombo kitakachoniambia siku moja kwamba huduma imefikia kikomo, asante kwa kuwa nasi. Nimelipia, kife mikononi mwa fundi.

Mama Zuhura orodha yangu kaisoma yote, kakubali, kaongeza kipengele kimoja: kizimike chenyewe saa nne usiku, na namba ya kukifungulia aijue yeye tu. Hapo tumekwama, mjomba ameitwa.

Bei nimeshaipanga. Laki na nusu, na kadi ya memori mnipe juu yake. Mkishindwa, laki na sabini, lakini nalipa kidogo kidogo, na anayekuja kudai apige simu ya kawaida. Ujumbe wa sauti sipokei.