Mkopo wa franchaizi Marekani sio mteremko, kikoba cha Mbagala kilinielewa zaidi

Juzi mdogo wangu kanitumia voisi ya dakika sita, yuko Sinza, eti bro huko Houston si benki zinagawa mikopo tu, chukua hata dola elfu hamsini tufungue franchaizi (yaani unalipa kufanya biashara kwa jina na masharti ya kampuni nyingine) ya kuku wa brandi ya nje hapa Dar. Nimeisikiliza mara mbili nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka ile nafika huku na mimi nlikuwa nawaza hivyo hivyo.

Wadau, ile mikopo ya 7(a) ambayo serikali ya Marekani inaiwekea dhamana kupitia SBA, shirika lake la biashara ndogo, ipo kweli na inafika mpaka dola milioni 5, ila watu wetu wakisikia neno dhamana wanadhani anayedhaminiwa ni mkopaji. Wapi bana! Inayodhaminiwa ni benki. Ukidondoka, serikali inaibebea benki asilimia 75 ya deni lililobaki, au 85 kama mkopo hauzidi dola 150,000, na wewe unaendelea kudaiwa kama kawaida, kwa sababu yeyote mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara anatia saini kujidhamini yeye binafsi. Na kabla hujafika huko wanataka krediti (rekodi yako ya kulipa madeni) iliyonyooka, na uje na chako mfukoni. Mimi nlikuwa nabeba boksi usiku, krediti yangu ndo kwanza inaota meno, benki ya kwanza hata kiti sikukipasha moto.

Ndo nikaangukia franchaizi ya usafi wa maofisi. Hizi zinatafuta sana wahamiaji, kiingilio kidogo, na uzuri (nilidhani ni uzuri) kampuni yenyewe inakukopesha kiingilio. Nikatoa dola 4,000 mkononi, 8,000 wakanikopesha wao, na wateja wananitafutia wao. Sasa sikiliza ilivyo, mteja anailipa kampuni hanilipi mimi, kampuni inakata royalti (malipo ya kutumia jina lao) kwenye mauzo yote sio kwenye faida, inakata ada ya usimamizi, inakata bima, inakata marejesho ya deni, kinachobaki ndo cheki yangu, na mafuta ya gari, dawa za kufanyia usafi na mgongo wangu ni juu yangu. Mwezi wa saba kliniki ya meno iliyokuwa nusu ya kipato changu ikabadilisha msafishaji. Mteja kaondoka, deni halikuondoka nae. Nikapiga simu ofisini, dada wa watu ana sauti nzuri kweli, akanisomea mkataba.

Baadae nikaja kujua sio mimi tu, mwaka 2010 jaji wa shirikisho kule Massachusetts aliamua kuwa wasafishaji waliouziwa franchaizi na kampuni moja kwa kweli walikuwa waajiriwa wake. Yaani mtu unakopa ili ununue kazi ya kudeki.

Ila nisiwaonee Wamarekani, onyo nilipewa kwa maandishi. Sheria yao inataka upewe lile buku la taarifa za franchaizi siku 14 kabla hujasaini au kutoa hata senti, lina vipengele 23, cha 7 kinakwambia gharama zote za kuanzia, cha 20 kinakupa mpaka majina na namba za simu za watu walioiacha hiyo franchaizi mwaka uliopita. Namba za simu kabisa! Mimi buku lile niliweka juu ya friji, sikumpigia hata mmoja.

Nyumbani 2016 nlikopa kikobani Mbagala milioni moja na nusu, mara tatu ya hisa zangu, nikafungua kibanda cha wakala wa kuweka na kutoa pesa. Ukiangalia vizuri uwakala ndo franchaizi yetu sisi, jina sio lako, bei sio yako, kamisheni wanapanga wao. Mwezi wa nne tapeli akanilia floti. Jumamosi ile kikobani nlisemwa mpaka nikatamani kuingia chini ya mkeka, nikapigwa faini, mama mwenyekiti akanikumbusha mpaka harusi ya dada yangu walivyonichangia, halafu wakaniongezea miezi miwili. Aibu niliila, ila miezi miwili nilipewa. Sisemi kikoba ni pepo, milioni hamsini hawana, na ukikosa kwao ukakimbilia kausha damu utatolewa makochi sebuleni watoto wanaangalia.

Hao kuku wa mdogo wangu sasa. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi, Kenya hiyo hiyo iliyojaa viazi, kisa viazi vyao vinatoka nje na meli zilichelewa, na mkulima wa jirani hayumo kwenye orodha ya wauzaji walioidhinishwa. Fikiria ndo una mkopo wa dola, unauza kwa shilingi, gunia la viazi liko barabarani unaliona na huruhusiwi kulinunua, na tarehe ya marejesho haijui habari za meli.

Nimemjibu hapana. Amenuna siku tatu. Nikamtumia laki tano yangu mwenyewe, haina riba, aongeze floti kwenye kibanda cha shemeji, marejesho apeleke kwa mama kila mwisho wa mwezi. Mama kwenye hela hana utani, kashanunua daftari.