Risasi ya Owino Uhuru na mboji ya nyungunyungu

Mtu akipendekeza mboji ya nyungunyungu kwa udongo ulioingiwa na risasi, ile metali nzito yenye sumu (lead), jibu huja haraka: risasi ni elementi, haiozi wala haivunjiki, na hakuna mnyoo atakayeigeuza kuwa kitu kingine. Pima udongo kabla na baada, maabara itakupa karibu kiasi kile kile. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila naona imetumika kufunga mjadala mapema mno, na wanaoumia ni watu waliojenga juu ya udongo huo.

Tuitazame Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu zenye risasi kilifanya kazi ubavuni mwa mtaa huo hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi yake, alipewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Kesi ikapanda ngazi za rufaa, watoto wakaendelea kucheza pale pale.

Njia inayoaminika zaidi ni kuchimba na kuhamisha. Basi tuipigie hesabu. Ekari moja kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo zipatazo 1,200, yaani tani 1,500 hivi za udongo. Lori la tani 7 litakwenda safari zaidi ya 210, kwa ekari moja tu. Kila safari inapeperusha vumbi mbele ya milango ya watu wengine, na mwisho wake lazima pawepo shimo lililotandikwa vizuri lisije likavuja. Halafu uletwe udongo safi wa kujaza pengo: malori yale yale, mara ya pili. Mtaa wa nyumba za udongo zilizobanana utayapitisha wapi? Nikisikia "tungoje usafishaji kamili", hesabu hii ndiyo inayonijia, na pamoja nayo miaka ambayo mtoto hawezi kurudishiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sasa mboji. Nyungunyungu wekundu wakishakula samadi na mabaki ya jikoni, wanachoacha kina asidi za humiki (zitokanazo na mabaki yaliyooza) na fosfati (chumvi za fosforasi) kwa wingi. Asidi hizo huing'ang'ania risasi. Fosfati huungana nayo kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi. Udongo wenye uchachu hupungua ukali, na hilo nalo huifanya risasi itulie. Mizizi huinyonya kidogo zaidi.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote haihitaji kemia. Udongo uliochafuliwa mara nyingi huwa kipara, na udongo kipara ndio unaopeperuka, ukatua kwenye sufuria, kwenye mkeka, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Mtoto mdogo hapati risasi kwa mboga pekee. Huila kwa kulamba mikono. Mboji ikiotesha nyasi zikafunga uwanja, njia hiyo inabanwa, hata kama namba ya maabara haikusogea.

Upande wa pili una mambo mazito, wala siyapuuzi. Mboji huoza, hivyo lazima irudishiwe mara kwa mara. Asidi ya tumbo inaweza kufungua sehemu ya kile ambacho udongo ulikifunga. Penye aseniki, sumu nyingine ya udongoni, fosfati ile ile inayotuliza risasi huweza kuisukuma aseniki itoke, ishuke kwenye maji ya kisima. Nao nyungunyungu hujilimbikizia kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, mwilini. Kuku akiwadonoa, sumu imepanda hadi mezani. Ndiyo maana minyoo wafugwe kando, kwenye mapipa, na kitakachopelekwa mtaani kiwe mboji iliyochekechwa, iliyotokana na mabaki safi. Taka za jiji zisizochambuliwa huja na metali zake.

Na kuchimba huokoa maisha. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Pale udongo wa juu uliondolewa, na ilikuwa sawa kabisa. Mboji isingewahi kutosha kwa kiwango kile.

Kwa hiyo mimi ningegawa eneo. Lilipokuwa tanuri, na mitaro ya maji machafu, pachimbwe. Viwanja vya pembeni, ambako risasi imezidi kiwango lakini haijakithiri, vipewe mboji na nyasi sasa, kabla ya mvua za masika, na kila mwaka ipimwe ile risasi inayoweza kuyeyuka tumboni pamoja na damu ya watoto. Bili ya mboji hiyo, ya mwaka wa kwanza na ya miaka yote ya kuirudishia, ipelekwe kwa aliyechafua, na asihesabiwe kwamba ameshasafisha.