Sikuiba Mfupa

Kwanza kabisa: sikuiba mfupa. Najua mmeshasoma kwenye kundi, na najua nani kaandika. Jamaa yangu, niliyemwomba anisindikize hospitali kwa nia njema, kakaa kitako akawaandikia kwamba "mwenzetu kampiga daktari teke, kaiba mfupa, kakamatwa koridoni." Hapo cha kweli ni koridoni. Na teke kidogo.

Ilikuwa jana tu, masikio bado yananiwaka, lakini ngojeni niwape yenyewe kabla hajaongeza chumvi nyingine.

Kisigino changu cha kulia kimenitesa miezi mitatu. Wenye ugonjwa huu hamhitaji maelezo. Unaamka asubuhi, unashusha mguu, hatua ya kwanza kama umekanyaga msumari. Unaenda bafuni umeshika ukuta. Ukitembeatembea unalegea, unajiona umepona, unakaa zako kwenye kiti saa mbili, ukisimama tu msumari uko palepale ulipouacha.

Nikafanya mnachofanya nyote, nikajipima mtandaoni. Nikaona picha ya kisigino kilichoota mfupa, umechongoka kama mdomo wa kunguru. Basi, jibu nikalipata. Nikatangaza nyumbani, nikatangaza kazini, nikatangaza na humu: nimeota mfupa. Kuna mmoja wenu alinipa pole ya operesheni kabisa, na mimi nikaipokea.

Daktari wa mifupa ni mama mtu mzima, mpole, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Nimeota mfupa."

Hakunibishia. Akachukua mezani mguu wa plastiki, mifupa mitupu, imetungwa kwa uzi wa mpira kama tasbihi. Akaanza somo. Kuanzia kifundo kushuka chini, mguu mmoja una mifupa 26. Yote miwili ni 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206, kwa hiyo karibu robo ya mifupa yetu iko huko chini tunaikanyagia. Jamaa yangu akawa anatikisa kichwa kama mwanafunzi wa mbele. Mgonjwa ni mimi, anayesoma ni yeye.

Akanionyesha kwa kidole: hapa kwenye mfupa wa kisigino unaanza utando mgumu, unakwenda mpaka kwenye vidole, umeshikilia unyayo kama kamba inavyoshikilia upinde. Huo ndio mgonjwa. Usiku ukiwa umelala unajikaza, asubuhi wewe unausimamia ghafla na uzito wako wote. Ugonjwa wenyewe unaitwa plantafasiaitisi. (Msiniulize kulitamka mara mbili.)

"Na mfupa, daktari?"

"Kimwiba hicho wanacho watu wengi tu ambao kisigino hakijawahi kuwauma hata siku moja. Wewe shida yako si mfupa, mwanangu."

Nitawaambia ukweli: niliumia. Miezi mitatu nimeulea ule mfupa, nimeupigia kampeni, leo naambiwa haupo?

"Panda kitandani. Vua viatu vyote viwili."

Nikavua, nikavisukumia chini ya kitanda. Hivi viatu vikumbukeni. Nilinunua vikubwa kupita kiasi ili kisigino kipumue, mle ndani unaweza kufuga sungura. Daktari naye akauweka ule mguu wa plastiki kwenye kistuli pembeni yangu, akasema tunaanza na usiouma ili apate cha kulinganisha.

Sasa hapa kuna jambo sijawahi kuliandika popote. Natekenyeka. Si kutekenyeka kwa kawaida, nazungumzia ugonjwa. Mtu akininyooshea kidole kuelekea unyayoni, mimi nimeshaanza kucheka. Ningemwambia daktari, lakini mtu mzima unaanzaje? "Samahani mama, mimi natekenyeka"? Nikauma meno. Akapitisha kidole gumba kwenye upinde wa unyayo wa kushoto, taratibu, kutoka kisigino kwenda mbele.

Mguu ukaondoka wenyewe. Naapa sikuutuma.

Mama yule alikwepa kama kipa. Unyayo ukapita pembeni ya sikio lake, ukashuka, ukakipata kistuli. Ule mguu wa plastiki ukaruka, ukagonga ukuta, uzi ukakatika, mifupa ikamwagika chumba kizima. Mwingine ulifika mlangoni. Mwingine uliingia kwenye beseni la kunawia ukazunguka humo, tukawa tunausikiliza wote watatu mpaka uliponyamaza.

Tukapiga magoti kuokota. Daktari, muuguzi aliyekuja mbio kuona nani kafa, jamaa yangu, na mimi pekupeku. Na nani alijipa kazi ya kuhesabu kwa sauti? Shahidi wenu. "Ishirini na tatu... nne... tano." Kimya. Akarudia kuanzia moja. Ishirini na tano.

"Utaonekana wakati wa kufagia," daktari akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo ni afadhali ungechapwa. Akamalizia kunipima akiwa ameubana mguu wangu kwapani kama anazuia mbuzi. Akabonyeza kisigino cha kulia kwa ndani, nikaita majina ya ukoo. Akavuta kidole gumba cha mguu kwa juu, nikamalizia ukoo uliobaki. Akasema ni huohuo utando. Nikaingiza miguu kwenye viatu bila kuangalia, nikashukuru, nikatoka macho yakiwa sakafuni.

Koridoni.

Mabenchi huku na huku, yamejaa. Wenye plasta, wenye magongo, wenye yale mabuti makubwa ya kama mtu anakwenda mwezini. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, kitu kikanidunga chini ya vidole. Mguu wa kushoto. Ule mzima!

Nikasimama. Nikajaribu ya nne: kimesogea katikati ya unyayo. Ya tano: kimefika kisiginoni. Kigumu. Kina kona. Kinatembea.

Na hapa ndipo nawaomba mnisitiri, kwa sababu sikuogopa. Nilifurahi. Furaha ya mtu aliyeambiwa hana kesi halafu ushahidi ukajileta wenyewe. Nikageuka, nikachechemea kurudi, na sauti yangu mnaijua:

"Daktari! Si nilikwambia! Mfupa upo! Nausikia! Umehamia kushoto!"

Koridoni kukawa kimya. Mzee mmoja akavuta gongo lake nipite. Daktari akatokea mlangoni.

"Mfupa hauhami, mwanangu."

"Huu unahama, mama. Saa hizi ulikuwa kwenye vidole, sasa uko kisiginoni."

Nikainua mguu nimuonyeshe, nimesimama kwa ule wa kulia unaouma, nayumba kama mlevi. Akatazama kiatu. Akanitazama usoni. Akarudi kwenye kiatu, na miwani akaishusha machoni. Nikamuona jamaa yangu kafunika mdomo. Muuguzi kageukia ukuta. Yule mzee wa gongo naye tayari alikuwa ameelewa, nilimuona midomo inamcheza. Koridoni nzima aliyekuwa bado anaumwa ni mimi peke yangu.

"Vua kiatu," daktari akasema.

Nikavua.

"Kipindue."

Nikakipindua.

Tak.

Halafu tak-tak, kikaviringika kwenye vigae, cheupe, ukubwa wa kifundo cha kidole, kikapita mbele ya benchi zima kama kinakagua gwaride, kikasimama kwenye viatu vya muuguzi. Daktari akainama, akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga.

"Kabari ya kati," akasema.

Kwa mliokosa somo: katikati ya mguu kuna mifupa mitatu yenye umbo la kabari, na ya kati ndiyo ndogo kuliko wenzake. Ndogo ya kuingia kwenye kiatu cha mtu bila yeye kujua.

"Ishirini na sita," jamaa yangu akatamka.

Mabenchi yakaanguka. Kuna dada mwenye plasta mpaka gotini alicheka mpaka muuguzi akamwambia atulie asijivunje upya. Na yule mzee, mtu ambaye nilimpa shikamoo wakati naingia, akasema: "Kijana, sisi tumekuja kutengenezewa mifupa, kumbe wewe umeifuata uchukue?"

Mengine hayana maana. Nimepewa mazoezi: asubuhi kabla ya kukanyaga chini nakaa kitandani, napandisha mguu juu ya goti la pili, navuta vidole kuelekea kwenye ugoko mpaka unyayo ukaze, nahesabu mpaka 10, mara 10. Kuna na ya kusukuma ukuta kunyoosha vigimbi. Kasema wengi wanapona bila kisu ila ni suala la miezi, nisitegemee miujiza. Yule aliyenipa pole ya operesheni, pole yako nakurudishia.

Kwenye kundi mmeshanibadilisha jina naitwa Kabari, nimeona, sawa.

Tatizo ni kwamba natakiwa kurudi baada ya wiki sita. Nilipanga niende na ndala, waone wazi kwamba ndani hamna kitu, lakini ndala ndicho kitu cha kwanza alichonikataza.