Ndiyo, Ni Mimi Niliyemwaga Pilau Baharini

Kwa kuwa yule rafiki yangu mwenye mdomo kama chiriku ameshatuma sauti ya dakika saba kwenye kundi, na binamu yangu wa Muscat kanipigia asubuhi kuuliza "eti umelisha samaki pilau?", acheni niseme mwenyewe. Ile sauti ina chumvi. Mimi sikulia. Yale yalikuwa maji ya bahari.

Nane Nane, tuko sita, tunatoka Ushongo, Pangani, kwenda Maziwe. Mnaopajua mnajua: fungu la mchanga tu, halina hata mti wa kujishikiza kivuli, na maji yakijaa linazama lote. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, kwa hiyo tukaondoka mapema tuwahi maji kupwa. Nahodha, mzee wa kofia ya mkono, akatazama mawingu akasema, "Upepo wa kusi una kazi leo." Mimi, mzaliwa wa Tanga ninayeishi Tabata, nikamjibu, "Babu, sisi bahari tumeinyonya." Naomba maneno hayo tusiyarudie.

Karibu na pwani mambo yalikuwa mazuri, nikapigwa hadi picha, mguu juu ya ukingo. Tulipotoka nje, mashua ikainua pua, ikatulia kidogo kama mtu anayewaza, kisha ikajibwaga. Pwaa! Maji ya ndoo nzima ndani. Nahodha akatupanga upande wa joshi tuweke uzito. Nikakalia kitu kigumu, nikadhani ni mbao za mashua. Kitu hicho mkikumbuke.

Wimbi la nne au la tano, maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. "Bwana mdogo, fua maji!" nahodha akaniambia. Nikatafuta kile kidumu kilichokatwa cha kutolea maji. Hakipo. Huku, hakipo. Mbele yangu, katikati ya magoti ya dada mpishi, kuna hotpoti la pilau.

Sasa hapa msinikatize.

Akili yangu iliniambia: chombo kipo, tatizo kimejaa. Nikafungua mfuniko. Harufu ya bizari na hiliki ikanipanda puani. Mtu mwenye utu angeishia hapo. Nikaviona viazi, na mnofu mmoja niliokuwa nimeshautia jicho tangu alfajiri. Nikanyanyua hotpoti kwa mikono miwili. Dada mpishi akanitazama usoni, wala hakupiga kelele. Nadhani alikuwa hajaamini kwamba kuna binadamu wa namna hii. Nikamwaga.

Upande wa joshi. Kule upepo unakotoka.

Pilau lilitoka zima, likasimama hewani. Nawaapia, lilisimama, nilikiona kiazi kinazunguka taratibu kama kinatafuta kibla. Halafu kusi likalirudisha. Lote. Wali ukamjaa nahodha kwenye ndevu na kwenye kofia, kiazi kikampata yule mwenye mdomo kwenye paji la uso (kwenye sauti yake hapo karuka, sijui kwa nini), mfuniko nao ukaniponyoka ukaenda zake. Nahodha hakuachia usukani. Akaitoa punje iliyomkaa mdomoni, akaitazama, akairudisha, akaitafuna.

"Pilau zuri," akasema. "Sasa fua maji."

Kijana wake akaninyanyua kwa kola na kuchomoa kidumu chini yangu.

Mengine hayana maana. Tukafika, watu wakala biskuti na machungwa ya Muheza. Nasikia Maziwe ni pazuri. Mimi nilibaki kwenye mashua nafua wali. Saa saba tukaondoka kabla fungu halijazama, bahari ikaturudisha kwa upole kana kwamba asubuhi haikufanya kitu.

Dada mpishi aliamka saa tisa usiku kupika. Hajanisemesha mpaka leo, amenitumia orodha tu: mchele kilo mbili na nusu, nyama kilo mbili, viungo, mkaa. Nimelipa. Hotpoti nimelirudisha. Kasheshe ni mfuniko, maana anasema hotpoti ni la mama yake, na mama ameshaanza kuuliza. Kwa kusi hili na mkondo unavyopanda kaskazini, ninyi wa Moa, Vanga na Shimoni, mkiona mfuniko wa plastiki, mwekundu, una maua, unapita, tafadhali niandikieni pembeni. Sio kwenye kundi.