Jenomu kubwa si dalili ya kiumbe bora
Ndugu mwandishi, hapo uliposema kiumbe chenye jenomu kubwa, yaani seti nzima ya DNA yake, ndicho kilichoendelea zaidi, umeteleza. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa mmea mdogo wa jamii ya kangaga huko Kaledonia Mpya, katika Bahari ya Pasifiki, Tmesipteris oblanceolata, una jozi za besi (yaani “herufi” zinazounda DNA) bilioni 160. Binadamu tuna bilioni 3 na ushei tu! Kinachovimbisha jenomu mara nyingi ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika huku na kule. Hata kwetu vinakaribia nusu ya jenomu. Wala si takataka vyote: jeni ya sinsitini, inayosaidia kujenga kondo la nyuma, ilitokana na virusi vilivyowaambukiza mababu zetu wa kale. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lilistahili kichwa cha habari.